Kujifunza Biblia na kukua kiroho: mstari wa siku unapoishia

Neno la Mungu liko karibu nasi mno siku hizi. Kabla hujanawa uso, mstari wa siku umeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Ukipanda daladala, kioo cha nyuma kimeandikwa Zaburi 23. Redio za injili zinahubiri usiku kucha, na Biblia nzima iko kwenye simu bila kulipia hata shilingi. Lakini waulize wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa, watakwambia wanakutana na jambo lilelile: mtu ameamini miaka mingi, anaimba kwaya, anatoa zaka, anajua mistari kwa moyo, akifiwa, au akisikia kwamba mtaa wa pili ameingia nabii mpya, anatikisika kama aliyeamini jana.

Naamini sababu kubwa ni kwamba tumezoea kuiendea Biblia na haja zetu, tukitafuta mstari wa kuzikidhi. Nina mtihani, nipe mstari wa mtihani. Nina deni, nipe mstari wa deni. Anayejifunza hufanya kinyume. Hukaa na kitabu kizima, akamfuata mwandishi anakokwenda, mpaka Maandiko yamwambie jambo ambalo hakwenda kuliuliza, na pengine hakutaka kuambiwa. Kukua kiroho kunaanzia hapo.

Kukua kunapimwaje?

Wapo wanaokupima kwa urefu wa maombi, wapo wanaokupima kwa karama, wapo wanaoangalia cheo cha kanisani. Waraka kwa Waebrania una kipimo kingine. Mwandishi anawaambia wasomaji wake kwamba kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa waalimu, ila bado wanahitaji maziwa. Kisha anasema: "Lakini chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya" (5:14). Mtu mzima katika imani, basi, ni anayeweza kupambanua, na uwezo huo huja kwa mazoezi. Paulo naye, akiwaandikia Waefeso, anataka waamini wamfikie Kristo katika utu uzima ili wasiwe tena "watoto wachanga", wakitupwa huku na huku na kila upepo wa elimu.

Sasa fikiria maisha yenyewe. Ndugu wanagombania shamba la marehemu baba. Ofisini mkubwa wako anataka utie sahihi risiti ya mafuta ambayo hayakununuliwa. Mhasibu wa kikoba ni rafiki yako, na hesabu haziendani. Hakuna mstari unaosema "usitie sahihi risiti ile". Anayesubiri mstari wa kila jambo ataukosa siku anayouhitaji zaidi, au ataulazimisha useme anachotaka. Ndiyo maana Warumi 12:2 inazungumzia kugeuzwa "kwa kufanywa upya nia zenu, mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu". Anayekaa na Maandiko kwa miaka huanza kuyaona mambo kama Mungu anavyoyaona: anajua Mungu huyu huchukizwa na nini, humtetea nani, husamehe vipi. Akifika kwenye risiti ile ameshakuwa mtu wa namna fulani. Jambo hilo halitokei kwa mstari mmoja kila asubuhi, maana mistari hiyo huchaguliwa kwa kupendeza, na Biblia ina kurasa nyingi ambazo hazipendezi.

Barua iliyokwenda Babeli

Chukua mstari unaopendwa kuliko karibu yote. Uko kwenye kadi za harusi, kwenye fulana za mikutano ya vijana, kwenye salamu za mwaka mpya: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni Yeremia 29:11. Tunaupokea kama ahadi kwamba mambo yetu yatanyooka, na yatanyooka karibuni.

Rudi nyuma ukaanze sura ya 28. Mfalme Nebukadreza ameshawachukua mateka wengi wa Yerusalemu, wakiwamo mfalme Yekonia na mafundi. Mjini amesimama nabii mmoja, Hanania, naye analo neno tamu: ndani ya miaka miwili mateka wote watarudi na vyombo vya hekalu vitarudishwa. Anaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, anaivunja mbele ya watu. Bila shaka watu walifurahi, nani asingefurahi? Lakini Yeremia anatumwa kumwambia kwamba BWANA hakumtuma, na kwamba anawafanya watu waamini uongo. Hanania alikufa mwaka uleule.

Ndipo inakuja barua ya sura ya 29, iliyoandikwa kwa wazee, makuhani na watu wote waliohamishwa. Inawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wazae, wawaoze watoto wao. Inawaambia wauombee amani mji ule ule wa adui, kwa kuwa amani ya mji huo ndiyo amani yao. Inawaonya dhidi ya manabii wanaowaotea ndoto za kurudi upesi. Kisha, mstari mmoja tu kabla ya ule tunaoupenda, inataja muda: miaka sabini.

Baba wa miaka arobaini aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi. Atazikwa Babeli. Mawazo ya amani aliyokuwa nayo Mungu yalikuwa kwa taifa, na yangetimia kwa wajukuu. Alichotakiwa kufanya yeye ni kupanda mti katika nchi asiyoipenda na kuwaombea majirani waliomteka.

Je, sasa mstari wa 11 umepungua nguvu? Mimi naona umeongezeka. Ulipokuwa peke yake ulitusaidia siku za matumaini na kutuacha siku ya msiba. Ukiwa ndani ya barua yake unaweza kumbeba mama ambaye mwanawe hakupona ingawa kanisa zima lilifunga na kuomba, kwa sababu unasema wazi kwamba Mungu anaweza kukuwazia mema na bado miaka yako yote ukaimalizia uhamishoni. Unamfundisha kijana aliyekosa ajira kupanda bustani pale alipo. Na unatuonyesha jambo zito: katika habari hii, aliyekuwa akihubiri muujiza wa haraka ndiye aliyekuwa nabii wa uongo. Mkristo aliyejifunza Yeremia 28 na 29 pamoja si rahisi kununuliwa na mtu wa "ndani ya siku saba milango yako itafunguka".

Wafilipi 4:13 imepatwa na hayohayo. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" tunaisema kabla ya mechi na kabla ya usaili, wakati mistari miwili inayoitangulia inazungumzia kujifunza kuwa radhi katika njaa na katika shibe, na aliyeandika alikuwa amefungwa.

Jangwani

Mathayo 4 inaonyesha kwamba kujua mistari peke yake hakumlindi mtu. Shetani anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumnukulia Zaburi ya 91: "Atakuagizia malaika zake". Nukuu ni ya kweli. Zaburi hiyo hadi leo huombwa majumbani kama kinga. Lakini ifungue uone kilichorukwa: Zaburi inaendelea "wakulinde katika njia zako zote", nayo yote inamhusu mtu aliyemfanya Aliye juu kuwa makao yake. Kujitupa kutoka kwenye kinara ili kumlazimisha Mungu aonekane hakumo kabisa. Ahadi imekatwa ikafanywa kishawishi.

Yesu anajibu, "Tena imeandikwa, Usimjaribu Bwana Mungu wako." Majibu yake yote matatu siku hiyo yanatoka sehemu moja ya Kumbukumbu la Torati, kati ya sura ya 6 na ya 8. Ni hotuba ya Musa kwa watu waliotembea jangwani miaka arobaini, juu ya njaa, mana, na siku walipogombana kwa ajili ya maji huko Masa wakiuliza kama BWANA yu kati yao au sivyo. Yesu, akiwa jangwani siku arobaini na ana njaa, alikuwa anaishi ndani ya maneno yale. Alijua Israeli walishindwa wapi, akasimama palepale.

Nchini Kenya hatuwezi kulisoma jambo hili kama hadithi ya kale. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Upande wa mashtaka unasema waumini walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kanisa nalo lina swali lake: tumewafundisha waumini kufanya nini mhubiri anapofungua Biblia na kusema? Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, mtume, na bado Matendo 17:11 inasema "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Luka, mwandishi wa Matendo, anawaita waungwana kwa ajili hiyo. Hakuwahesabu kuwa waasi waliomgusa mpakwa mafuta.

Lakini mbona mstari mmoja umewageuza wengine?

Ni pingamizi la haki. Mwaka 386, katika bustani mjini Milan, Mwafrika mmoja kutoka Thagaste, mji ulioko leo nchini Algeria, alifungua nyaraka za Paulo, akasoma mistari miwili ya Warumi 13, na maisha yake yakageuka. Ni Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo. Mungu anaweza kufanya hivyo, na hufanya. Sitaki kumvunja moyo yeyote aliyeinuliwa na mstari mmoja katika usiku mgumu.

Ila tazama yaliyotangulia bustani ile. Augustino alikuwa Milan tangu 384, akimsikiliza Askofu Ambrosi akifafanua Maandiko, na alikuwa ameshaanza kumsoma Paulo kwa bidii. Mstari ule uliangukia udongo uliokuwa umelimwa muda mrefu. Na baada ya kuongoka hakuishi kwa mistari ile miwili. Alitumia maisha yake yote kuichambua Biblia, Zaburi baada ya Zaburi, na kuwahubiria watu wa bandari ya Hippo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbona kuna watu wanaoijua Biblia sana na mioyo yao ni mikavu? Wanajua Kiyunani, wanashinda kila mjadala, na nyumbani hawasemezani na wake zao. Yesu aliwaambia wataalamu wa Torati wa siku zake: "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima" (Yohana 5:39-40). Kwa hiyo inawezekana kuchunguza na usikue. Tofauti iko katika kile unachomruhusu Mungu akufanyie ukishaelewa. Yakobo anasema asikiaye asitende anajidanganya nafsi. Naye Paulo, katika 2 Timotheo 3:16, anapotaja Maandiko yanafaa kwa nini, anaanza na mafundisho, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye kuwaonya watu makosa yao, kuwaongoza na kuwaadibisha. Anayetaka mafundisho bila kuonywa amechukua sehemu ndogo ya kazi ya Neno.

Siku mbili Namirembe

Katika historia ya kanisa letu la Afrika Mashariki naupenda mfano mmoja kuliko yote. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa katika njaa kali. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, mtumishi wa serikali, mtu aliyekuwa na kiu kama yake. Hawakuitisha mkutano mkubwa. Walikaa siku mbili na Biblia zao wakifuatilia, andiko kwa andiko, yale yanayofundishwa juu ya Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi, wakaomba.

Baada ya hapo Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri wa barabarani. Church alirudi Gahini. Katika miaka ya 1930 ulizuka kule uamsho uliopita Rwanda na Uganda, ukafika Burundi, Kenya na Tanganyika, na wimbo wa Tukutendereza bado unaimbwa hata na wasiojua neno lingine la Kiganda. Alama kubwa ya uamsho huo ilikuwa toba yenye matendo: watu walirudisha vitu walivyoiba, waliungama mbele ya wenzao, Wazungu na Waafrika waliombana msamaha katika zama ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, ndugu wengi wa uamsho huko Kenya walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha ya serikali. Baadhi yao waliuawa. Uwezo wa kukataa pande zote mbili, huku majirani na serikali wote wanakutaka uchague, ndio ule upambanuzi wa Waebrania 5, na watu hao wengi hawakuwa na elimu ya chuo.

Jambo hilo la elimu nalitilia mkazo kwa sababu wapo wanaodhani kujifunza Biblia ni kwa waliosoma. Wakristo wengi wa karne ya kwanza hawakujua kusoma. Nyaraka zilisomwa kwa sauti kanisani, tena mfululizo. Paulo anawaagiza Wakolosai kwamba waraka ukiisha kusomwa kwao, usomwe pia katika kanisa la Walaodikia. Sura tulizo nazo zilipangwa karne ya 13, kazi inayohusishwa na Stephen Langton, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Namba zinasaidia kutafuta, ila ndizo zilizoturahisishia kukata. Bibi asiyejua kusoma, akisomewa Injili ya Marko yote na mjukuu wake kwa jioni chache, amepokea zaidi ya msomi mwenye mistari mia iliyotawanyika.

Pa kuanzia

Usijifunze peke yako tu. Towashi Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini aliulizwa na Filipo kama yanamwelea, akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Jumuiya ndogondogo, vikundi vya nyumbani na shule ya Biblia ya Jumapili ni mahali pazuri, mradi watu wapewe nafasi ya kuuliza, na kiongozi asiharakishe kufika kwenye "funzo tunalopata". Waacheni watu wakae kwanza na lililoandikwa: nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini kabla yake, nini kinarudiwa. Aliye na tafsiri ya Union Version ya 1952 akae karibu na aliye na tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990. Zikitofautiana, hapo pana kitu cha kuchunguza. Ombeni kabla, na ombeni tena baada ya kuelewa, kwa sababu hapo ndipo utii unapoanza kugharimu.

Anzeni na Filemoni. Ni sura moja, mistari 25, inasomwa yote kwa sauti kwa dakika chache. Isomeni mara tatu kabla ya mtu yeyote kufafanua. Onesimo, mtumwa, ametengana na bwana wake Filemoni. Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha na barua inayomtaka bwana huyo ampokee kama ndugu mpendwa, na kama kuna deni liandikwe kwa Paulo. Ulizeni kwa nini Paulo, aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru, amechagua kusihi. Ulizeni kwa nini barua ya mtu binafsi imeelekezwa pia kwa kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni.

Kisha fungueni Wakolosai 4:9. Onesimo yumo, anakwenda kwao pamoja na Tikiko, akiitwa ndugu mwaminifu, mpendwa, mtu wa kwao; ndiyo maana hudhaniwa kwamba Filemoni naye aliishi Kolosai. Kwa hiyo inaelekea kwamba siku waraka kwa Wakolosai uliposomwa kanisani, bwana na mtumwa walikuwa wameketi chumba kimoja wakisikiliza. Sasa someni Wakolosai 3:22 hadi 4:1, maagizo kwa watumwa na kwa mabwana, kisha kila mmoja aseme angeyasikiaje kama angekuwa Filemoni, na angeyasikiaje kama angekuwa Onesimo.